Nati za gurudumu kulegea baada ya sevisi: tupeane uzoefu (Nairobi)

Spana21

Wadau, tuweke hapa tunayojua kuhusu nati za gurudumu kulegea gari likishatoka gereji. Breki zimebadilishwa Kirinyaga Road, tairi zimezungushwa Ngara, pancha imezibwa kando ya Outering. Siku tatu baadaye usukani unatetemeka na upande mmoja unagonga ko-ko-ko. Naomba vipimo na sababu, ili mwenye gari ajue la kufanya leo jioni.

Naanza na toki, yaani nguvu ya kuzungusha nati, inayopimwa kwa Nm (niutoni-mita). Gurudumu linashikwa na stadi, zile boliti zilizotoka kwenye habu, kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana kama springi na kuibana rimu kwenye habu. Mbano huo ndio unaobeba gari. Sasa, karibu asilimia 90 ya nguvu unayoitia kwenye spana huliwa na msuguano wa nyuzi (mifereji ya skrubu) na wa kikalio cha nati, pale nati inapokalia rimu. Inayobaki kubana ni kama asilimia 10 tu. Ndiyo maana nati yenye kutu au mchanga huhisi ngumu mkononi na bado haijabana chochote.

Corolla, Fielder, Axio, Probox na Vitz: Nm 103, soketi ya milimita 21. Honda nyingi ndogo: Nm 108, soketi ya 19. Nissan ndogo: Nm 108 hadi 113. Golf inatumia boliti badala ya nati, Nm 120, soketi ya 17. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kariobangi_Light

Sababu ya kwanza ninayoitaja kila mara ni uso wa habu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Fundi akitoa gurudumu kubadilisha pedi za breki, vipande vya kutu na matope makavu hubaki kati ya diski na habu, au kati ya rimu na diski. Akikaza, nati inafika toki vizuri kabisa. Lakini ile kutu ni kama biskuti: gari likipita matuta na mashimo, breki zikipata joto, inasagika na kuwa unga. Stadi ilivutika kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo unga huo mwembamba ukitoka, mbano wote umekwenda nao. Hakuna aliyesahau kukaza, na nati imelegea.

Dawa yake ni brashi ya waya na dakika mbili kwa kila gurudumu. Sugua uso wa habu, mgongo wa rimu, na vikalio vya nati ndani ya matundu ya rimu. Rangi mbichi ni vilevile: rimu ikipigwa rangi nene kwenye vikalio, rangi itabonyea na nati zitalegea.

Grisi kwenye nyuzi za stadi, usiweke. Toyota wanakataza mafuta na grisi kwenye nati na boliti za magurudumu. Grisi inapunguza msuguano, hivyo Nm 103 ileile inavuta stadi kupita kiasi. Kama rimu hung'ang'ania habu, paka grisi kidogo sana kwenye duara la katikati ya habu, mbali na stadi.

MamaFielder

Spana ya toki sina, na wengi wetu hatuna. Tunapimaje nyumbani?

Spana21

Dada, tumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia au mizigo ya ndege. Toki ni nguvu ya kuvuta mara urefu wa mpini kwa mita, na kilo moja ni karibu niutoni 10. Kwa Nm 103 kwenye mpini wa sentimita 50, unahitaji kilo 21. Mpini wa sentimita 40, kilo 26. Mpini wa sentimita 35, kilo 30. Pima urefu kutoka katikati ya nati hadi pale ndoano inapovuta.

Gurudumu likiwa chini, weka spana mpini ulale upande wa kushoto wa nati, sawa na ardhi. Funga kamba mahali ulipopima, tia ndoano, vuta juu polepole bila kushtua. Mizani ikisoma kilo zako na mpini hausogei tena, nati imefika. Mpini ukipanda sana, rudisha spana mlalo uanze tena, kwa sababu hesabu ni sahihi pale tu kamba inapofanya pembe mraba na mpini.

Jeki_ya_Buruburu

Nimewahi kusoma ushauri wa kuning'iniza mtungi wa maji wa lita 20 kwenye mpini. Kwa hesabu ni sawa, lakini kitovu cha gurudumu la Probox kiko kama sentimita 30 tu kutoka chini. Mtungi utakaa ardhini. Mizani ni bora.

Niongeze utaratibu. Zungusha nati zote kwa vidole hadi zikalie. Kaza nusu, kama Nm 50, tairi ikigusa chini kidogo tu. Teremsha jeki kabisa, halafu malizia. Nati nne, kaza kwa msalaba. Nati tano, ruka moja kila mara: 1, 3, 5, 2, 4. Ukizifuata kwa mzunguko, rimu inakaa upande, na nati ya kwanza inalegea wakati ya mwisho inakazwa. Kwa hiyo zipitie zote mara ya pili.

Kuhusu mashine ya upepo: inaweza kupita Nm 500 bila fundi kuhisi. Stadi ikivutwa hadi ikarefuka kabisa, hairudi kuwa springi, na kesho italegea ingawa leo ilikuwa ngumu kama chuma cha reli. Paipu ya mita moja kwenye spana ni hivyohivyo: mtu wa kilo 60 akisimama kwenye ncha yake anafikisha karibu Nm 590. Mwambie fundi mapema, kwa upole: "Mashine ikigusa tu inatosha, malizia kwa mkono nikiona."

Uzi_1.25

Angalieni nati zenyewe. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo: uzi wa M12 × 1.5, yaani stadi ya unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi. Nissan, Subaru na Suzuki: M12 × 1.25. Kwenye ndoo ya nati kuukuu zinafanana. Nati ya 1.25 kwenye stadi ya Toyota inaingia mzunguko mmoja au miwili, inakwama, fundi anatia mashine na nyuzi zinakatika.

Hesabu mizunguko kwa vidole kuanzia nati inaposhika hadi inapokalia. Kwa 1.5, isipungue 8. Kwa 1.25, karibu 10. Ikipungua, stadi ni fupi au kuna spesa (bamba la kusogeza gurudumu nje) nene kati ya rimu na habu.

Kikalio nacho: nati ya koni, ya mviringo na ya bapa yenye washa hazibadilishani. Rimu za aloi za asili za Prado zinataka bapa yenye washa. Honda za asili zinataka mviringo, lakini rimu nyingi za kununua zinataka koni. Nati ya koni kwenye kikalio cha mviringo inagusa ukingo mwembamba tu, na ukingo huo ukilika, imelegea.

Stage_ya_Githurai

Kwa wenye minibasi na lori zenye magurudumu mawili mawili nyuma, zile za mtindo wa zamani wa Kijapani: kuna nati ya ndani yenye kichwa cha mraba cha 21 na ya nje ya 41. Ukikaza ya nje pekee, ya ndani hujaigusa. Legeza tatu za nje kwa kupishana, kaza za ndani, rudisha za nje, halafu fanya tatu zilizobaki. Usilegeze zote sita kwa pamoja.

Upande wa kushoto wa magari hayo stadi nyingi zina uzi wa kushoto, unaokazwa kwa kuzungusha kinyume na saa. Tazama ncha yake: herufi L au R imegongwa hapo. Kondakta asiyejua hudhani anakaza kumbe anafungua.

Chora pia mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Asubuhi kabla ya kutoka steji, macho yanatosha. Mistari ikiachana, nati imezunguka.

MamaFielder

Na ikianza kugonga nikiwa Thika Road?

Kariobangi_Light

Washa taa za hatari, ondoa mguu kwenye mafuta, breki taratibu, toka barabarani mahali pa tambarare. Weka pembetatu nyuma. Ukiona unga mweusi au mistari ya kutu inatoka chini ya nati, hapo palikuwa pakicheza.

Kama nati zilikuwa zimeachia kabisa, usikaze ukaendelea kana kwamba yameisha. Toa gurudumu uangalie matundu ya rimu. Tundu likiwa limechongeka na kuwa yai, rimu hiyo ni ya kutupa. Stadi za habu hiyo badilisha zote pamoja na nati, hata kama imekatika moja, kwa sababu zilizobaki zilibeba mzigo wa mwenzao. Zisukumwe hadi zikalie kwa mashine ya kubana. Stadi iliyovutwa kwa nati na mashine ya upepo huwa haijafika mwisho, na itazama baadaye barabarani.

Spana21

Na ile ya kurudia: kilomita 50 hadi 100 baada ya gurudumu kutolewa, kaza tena kwa kipimo kilekile, rimu ikiwa imepoa. Kutoka mjini hadi Thika na kurudi ni kama 85, kwa hiyo safari moja inatosha. Nati ikisogea kidogo kabla ya kufika kipimo, irudie baada ya kilomita nyingine 100. Ikisogea tena mara hiyo ya pili, toa gurudumu, kuna kutu au kikalio kisicho sahihi ndani.