Mkumkwati: una jenasi yake (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo), au ni Citrus tu, jenasi ya michungwa na milimau?

Msimamo wangu nautanguliza: jina Fortunella, la jenasi ya peke yake ya mkumkwati, lingestaafishwa zamani.

Kumkwati ni lile tunda dogo, saizi ya ncha ya kidole gumba, linaloliwa na ganda lake. Utamu uko kwenye ganda, ukali uko ndani. Mtaalamu wa mimea Thunberg aliliita Citrus japonica tangu karne ya 18. Mwaka 1915 Mmarekani Walter Swingle akautoa mti huo humo na kuuanzishia jenasi, Fortunella, kwa jina la Robert Fortune, aliyeupeleka Uingereza mwaka 1846.

Hoja yake unaweza kuiona kwa kisu. Kata kumkwati kati kwa kati: vyumba vichache, aghalabu 3 hadi 6, na kila kimoja viiniyai (vijimbegu ambavyo havijakomaa) 2 tu. Chungwa lina vyumba 10 hivi, na viiniyai zaidi. Sawa, lakini Swingle huyohuyo mwaka 1909 alikuwa ameshauzalisha mkumkwati na mndimu, akapata laimkwati. Wageni gani hao wanaozaa pamoja?

Jibu la kwanza:
Hoja ya chotara haishiki. Mchungwa unazaa hata na Poncirus, mti wenye jenasi yake, ule wa vijani vitatu-vitatu unaopukutika baridi ikiingia. Chotara zao, sitrenji, ndizo mashina wanayobebeshea michungwa. Mbona Poncirus huigusi? Au ukali wako ni kwa mkumkwati peke yake?

Narudi mimi:
Umenishika. Ya chotara naifuta.

Inabaki jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya mmea, na hiyo ndiyo nzito. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2018 ulilinganisha jenomu za mimea 60 ya jamii hii. Mkumkwati ukaangukia ndani kabisa ya Citrus. Poncirus ikakaa pembeni, kama ndugu wa jirani. Mtaalamu wa mimea Mabberley aliziingiza zote mbili kwenye Citrus mwaka 1998, na kwa Poncirus namfuata nusu nusu: ikiingizwa au ikiachwa nje, ukoo (babu mmoja na wazao wake wote) hauvunjiki, ni suala la kukubaliana tu. Mkumkwati hauna nafasi hiyo. Ukiutoa, kilichobaki si ukoo kamili tena, labda uikate Citrus yenyewe vipandevipande.

Vyumba vya tunda hupungua na kuongezeka. Kuvihesabu si kujua nani kazaliwa na nani. Anayeitetea Fortunella basi aseme: Citrus ataikatia wapi, na balungi, limau na chenza kila moja ataipa jina gani?