Barua pepe zimepotea kwenye kompyuta ya nyumbani: nianze na njia ipi?

Binti_Tororo
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nyumbani tuna kompyuta moja ya Windows 10, na ndiyo baba anayofanyia kazi yake ya uwakala wa mizigo pale Malaba. Barua zake anazisoma kwa Thunderbird. Juzi usiku umeme ulikatika programu ikiwa wazi, na uliporudi kikasha kikawa kitupu. Folda nyingine zipo, ila barua zilizoingia hazionekani hata moja, za miaka kadhaa: ankara, nakala za hati za shehena kutoka Mombasa, maongezi na wenye mali.

Kila mtu ananishauri lake. Jirani anasema nitafute programu ya kurejesha faili zilizofutwa. Binamu anasema nifute akaunti niiweke upya, barua zitashuka zenyewe. Fundi mmoja wa Kampala anataka nimpelekee diski. Mwingine amesema nikarabati folda humo humo ndani ya Thunderbird. Ipi ije kwanza, na ipi inaweza kunizidishia hasara?

Fundi_wa_Bombo
Pole sana dada. Usifute akaunti. Ushauri wa binamu yako unafaa kwa akaunti ya IMAP, lakini kwa akaunti ya POP unaweza kumaliza kabisa kilichobaki. Kwa IMAP barua zinakaa kwenye seva, na kompyuta inashika nakala tu. Kwa POP kompyuta inazishusha, na usipokuwa umeiambia iziache kule, seva inazifuta. Hapo nakala pekee duniani ni hiyo iliyo ndani ya diski yenu.

Fungua mipangilio ya akaunti uangalie aina ya seva, imeandikwa wazi. Hadi ujue, zima intaneti kwenye mashine hiyo ili isishushe barua mpya. Na programu ikikuuliza kama ibane folda kuokoa nafasi, kataa, maana kubana huondoa kabisa barua zilizofutwa.

Mwalimu_Arua
Naongeza la kufanya kabla hata ya hayo, maana halina gharama: ingia kwenye barua za baba kwa kivinjari, hata kwa simu. Watu wengi wanahangaika na diski kumbe barua ziko kwenye seva zimetulia. Gmail, kwa mfano, ina mpangilio wa kubaki na nakala yake hata ukishusha kwa POP. Tafuta kwenye folda ya barua zote, si kikasha peke yake. Kilichotupwa Gmail kinakaa siku 30 kwenye tupio, na barua taka vivyo hivyo. Yahoo ni wakali zaidi: ombi la kurejeshewa linahusu zilizopotea ndani ya siku 7 tu. Kwa hiyo hapa siku zinahesabika, usingoje Jumatatu.

MamaHisabu_Kla
Naunga mkono, ila nawakumbusha bei. Kushusha upya kikasha cha GB kadhaa kwa bando la simu si bure, na hapa Uganda bando lenyewe linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kama ni IMAP, iambie Thunderbird ishushe za miezi ya karibuni kwanza.

Jambo la pili ni hilo la kumpa fundi diski. Humo mna majina ya wateja, namba zao za mlipakodi (TIN) na malipo yao. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamgusa mzee wako kama inavyogusa kampuni kubwa. Sisemi mafundi ni wabaya. Nasema diski isitoke nyumbani kabla njia za nyumbani hazijaisha, na ikitoka, mwandikishiane.

Jinja_Linux
Swali la kukarabati au kurejesha linajibiwa na ukubwa wa faili moja. Thunderbird inaandika kikasha chote kwenye faili moja la maandishi linaloitwa Inbox, lisilo na kiambishi chochote mwishoni. Pembeni yake kuna Inbox.msf, ambalo ni faharasa tu. Unachokiona kwenye skrini kinatoka kwenye faharasa. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, faharasa inaharibika na kikasha kinaonekana kitupu, huku barua zenyewe zipo.

Nenda AppData, Roaming, Thunderbird, Profiles, kisha folda ya Mail kama ni POP, au ImapMail kama ni IMAP. Inbox ikiwa na GB, karabati. Ikiwa na KB chache, basi imebanwa au imefutwa, na hapo ndipo programu za kurejesha zinapata kazi. Jirani yako anaweza kuwa sahihi, lakini kwa ugonjwa mwingine.

Binti_Tororo
Asanteni sana. Ni POP, na kwenye seva hakuna kitu, nimeingia kwa simu nikaona za jana tu. Lakini Inbox ina GB 5! Mikono inatetemeka, sijagusa kitu. Nimejaribu kuinakili kwenye flashi imekataa, inasema faili ni kubwa mno, na flashi ina nafasi GB 20.

Fundi_wa_Bombo
Hiyo ni habari njema kabisa dada. Flashi yako imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, iumbize upya kwa exFAT, kisha funga Thunderbird na unakili folda nzima ya wasifu (ile iliyo ndani ya Profiles), si Inbox peke yake. Nakala ikishakamilika, rudi Thunderbird ukiwa bado nje ya intaneti, bofya Inbox kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, ubonyeze kitufe cha kukarabati folda. Kwa GB 5 itachukua muda. Iache, na umeme wenu ukiwa wa wasiwasi fanya mchana kwenye UPS (betri ya akiba) au laptopu yenye chaji.

Kijana_wa_Mbale
Naomba kuuliza hapo hapo. Mimi natumia Outlook ya zamani, si Thunderbird. Na je, kati ya programu za kurejesha faili, Recuva na PhotoRec, ipi bora?

Jinja_Linux
Outlook ni habari nyingine. Faili lako la barua ni la PST, na Microsoft wenyewe wameweka scanpst.exe ndani ya folda ya Office kwa ajili ya kulikarabati. Nakili PST kwanza, halafu liendeshe, hata mara ya pili likiendelea kuonyesha makosa. Kama faili ni la mtindo wa kabla ya Outlook 2003, kikomo chake ni GB 2, na likifika hapo linaharibika. Faili la OST usilihangaikie sana, kwa kawaida ni nakala ya kilicho kwenye seva.

Recuva ni rahisi kwa mgeni na hujaribu kurudisha jina la faili. Ukifuta leo na diski haijaandikwa sana, anza na hiyo. PhotoRec haina sura nzuri lakini ni ya bure na inachimba hata diski iliyoumbizwa upya. Ubaya ni kwamba majina yanapotea, na faili kubwa la barua ambalo vipande vyake vimetawanyika hutoka likiwa limekatika. Zote mbili zisakinishe kwenye flashi au mashine nyingine, na kinachookolewa kiandikwe kwenye diski tofauti. Ukisakinisha kwenye diski ile ile unafukia unachotafuta.

Fundi_wa_Bombo
Kaka wa Jinja amesahau SSD, yaani diski isiyozunguka. Kwenye diski ya aina hiyo Windows hutuma amri ya TRIM, na kilichofutwa kinasafishwa upesi. Andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify kwenye dirisha la amri. Ukiona 0, TRIM inafanya kazi, na hakuna programu ya kununua itakayokusaidia, hata tangazo liseme nini. Diski ya kuzunguka ndiyo yenye matumaini. Nayo ikianza kugonga tik tik, izime. Hapo tu ndipo namwachia fundi mwenye vifaa.

MamaHisabu_Kla
Na kwa mwenye kazi ya forodha kama baba Tororo: matamko ya forodha na ankara za kielektroniki za EFRIS zinapatikana kwenye mifumo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hizo usizipigie magoti diskini. Wakala wa Mombasa naye ana nakala ya kila alichotuma, mwombe atume tena. Rekodi za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, hivyo ni vizuri mzee ajue zipi ana njia nyingine ya kuzipata na zipi ziko kwenye barua tu.

Binti_Tororo
Zimerudi! Baba ameziona, anawasalimu wote. Mungu awabariki. Limebaki moja: kuna barua za mteja mmoja alizozifuta kwa makusudi mwezi uliopita, tupio limeshamwagwa, na sasa anazihitaji. Folda hatujawahi kuibana. Kuna tumaini?

Jinja_Linux
Lipo, na kubwa, kwa sababu hamjabana. Thunderbird ikifuta barua haiiondoi kwenye faili, inaiwekea alama tu. Chukua nakala yako (si faili lenyewe), ifungue kwa kihariri kinachomudu faili kubwa, Notepad ya kawaida italemewa. Tafuta jina la mteja. Juu ya barua utaona mstari wa X-Mozilla-Status. Wenye 0008 au 0009 ni barua iliyofutwa. Weka 0000, hifadhi, kisha faili hilo liweke kwenye folda za ndani za Thunderbird kwa jina jipya, bila .msf, uifungue programu.

Usibadilishe zote kwa mpigo mmoja. Kila barua ambayo mzee aliihamisha kutoka kikashani iliacha nakala yenye alama hiyo hiyo, nazo zitaibuka pamoja na takataka za miaka yote. Fuata za mteja huyo tu. Kubana folda kuje baada ya mzee kuthibitisha kwamba amepata anachotaka.