Kilwa Kisiwani au michoro ya Kondoa, niwapeleke wapi? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu, mwezi wa 12 nataka niwatoe wanangu pamoja na mama yangu tukaone maeneo yetu yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Serengeti na Ngorongoro kila mtu anazijua, mi nataka waone kazi ya mikono ya wazee wetu.

Kilwa Kisiwani imo tangu 1981 pamoja na Songo Mnara, iliwahi kuwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini 2004 ikatolewa 2014 baada ya magofu kukarabatiwa, na natamani sana waingie ule Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa (magofu ya jumba la sultani) waelewe kwamba dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita hapa na yule msafiri Ibn Battuta alifika 1331. Kondoa nayo iliingia 2006, ile michoro ya miambani pale Kolo.

Shida mama magoti yanamsumbua. Je, kuvuka toka Kilwa Masoko kwenda kisiwani boti za injini zipo za uhakika au ni mashua tu, na kushuka kule anaweza bila kukanyaga maji? Na Kolo kupanda ni kugumu kiasi gani, mvua zikianza gari dogo linafika? Waliofika na wazee naomba mnijuze.