Je, kibao cha Bigo bya Mugenyi kiandikwe "ngome"?

Mleta mada:
Kila tunapolitafsiri jina la Bigo bya Mugenyi, eneo la kale lililo kusini mwa Mto Katonga wilayani Ssembabule, Uganda, tunaandika "Ngome za Mugenyi" na kuliacha hapo. Naona neno hilo halifai kuwekwa kwenye kibao cha wageni, kwani Mswahili akisikia "ngome" mawazo yake yanakwenda Mombasa, kwenye kuta za mawe na mizinga, ilhali Bigo hakuna ukuta wa namna hiyo. Kilichopo ni mahandaki yanayozunguka kilima, mengine yamechimbwa hadi kwenye mwamba kwa kina cha mita 4 hivi, na urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10. Niliposhuka katika mojawapo majani yalinifika kifuani na ukingo ukanipita kichwa, nikajiuliza ni askari wangapi wangetosha kulinda mzingo mrefu kiasi hicho, tena wenye mapengo ya kupitia. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba hapo mwaka 1960, na miongoni mwa vilivyopatikana ni vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe. Mapokeo nayo yanamtaja Mugenyi, mmoja wa Wachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa na wenyeji, aliyempenda ng'ombe wake Bihogo hata akaapa kwamba ng'ombe huyo akifa, naye hataishi. Kwangu mimi hilo ni zizi la mtawala.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, umetenganisha mambo yasiyotengana. Mahali ambapo utajiri ni ng'ombe, adui anafuata ng'ombe. Handaki haliwezi kumzuia mtu mwepesi, lakini linamzuia asiondoke usiku na kundi zima. Tazama pia Munsa, eneo jingine la kale huko huko Uganda, karibu na Kakumiro, ambako mahandaki yanauzunguka mlima wa mawe wa Bikekete unaohusishwa na Kateboha, mtawala wa mapokeo, na ambako jina lenyewe huelezwa kuwa ni "mu nsa", yaani penye mahandaki. Wenyeji walilitaja lile lililochimbwa, wala hawakuhitaji kuamua kama ni la vita au la mifugo.

Mchangiaji wa pili:
Mbona tunalo neno "boma"? Ni uzio, ni zizi, na ni mahali palipozungushiwa kwa ulinzi, kwa hiyo linabeba hoja zenu zote mbili. Ninachokipinga ni kibao kinachosema "yalijengwa na Wachwezi" kana kwamba tunao ushahidi wa maandishi. Mahandaki hayo hukadiriwa kuwa ya kati ya karne ya 14 na ya 16, na wapo wanahistoria, Christopher Wrigley akiwa mmoja wao, waliowaona Wachwezi kuwa miungu zaidi kuliko wafalme.

Mleta mada:
Hoja ya ng'ombe wa usiku imenishinda, nakiri, na "boma" nalipokea, ingawa wazee wengine watakumbuka kwanza ofisi ya mkoloni. Kuhusu Wachwezi, ningeandika "kwa mapokeo ya wenyeji" bila kuongeza neno la kejeli, kwa sababu wapo wanaokwenda pale kutoa sadaka hadi leo. Limebaki jina la Mugenyi. Kwa lugha ya wenyeji omugenyi ni mgeni, neno linalofanana na letu, nasi tukiandika "Boma la Mgeni" msomaji atadhani ni nyumba ya kulala wageni; kwa hiyo napendekeza jina la asili liandikwe juu kwa herufi kubwa, na "boma" lije chini yake katika maelezo.