Mrejesho: Leseni ya uwakala wa nyumba Texas nimeipata

Wakuu, mwaka juzi niliwauliza kama mtu anayepiga zamu za usiku ghalani hapa Houston anaweza kusomea uwakala wa kuuza nyumba. Anaweza, ila macho yatakuwa mekundu.

Masomo ni saa 180, yaani kozi 6 za saa 30 kila moja. Zilizonitoa jasho ni sheria ya uwakala na mikataba. Halafu alama za vidole, kisha mtihani wenye sehemu mbili. Ya kitaifa nilipita mara ya kwanza, ya jimbo ikanibwaga. Bahati nzuri unarudia ile uliyoanguka tu, lakini ukifeli mara 3 unarudishwa darasani kwanza.

Nililochelewa kulielewa ni kwamba leseni peke yake haikuruhusu kufanya kazi mpaka broka, yaani wakala mwenye leseni ya juu anayesimamia mawakala wengine, akudhamini. Wa kwanza alinitoza ada ya dawati kila mwezi, niuze nisiuze. Miezi 4 sikuuza hata banda la kuku! Nikahama. Huyu wa sasa anachukua mgawo wake nikiuza tu.

Na yule aliyeuliza kama ukishaipata umemaliza: bado sana. Kabla ya kuihuisha mara ya kwanza, baada ya miaka 2, lazima ufikishe jumla ya saa 270 za masomo. Mimi nimebakiza kozi moja. Nyumba nimeuza mbili, zote kwa Wabongo ninaosali nao. Ghalani bado naenda wikendi.