Mhasibu atume picha ya MWILI MZIMA? Huyu bosi wa Chumbageni katuonaje?

Mwana_Ngamiani:
Wakuu, tangazo la kazi la bosi wa Chumbageni mmeshaliona, tangu asubuhi linazunguka kwenye magrupu yote ya Tanga. Mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Anatafuta mhasibu, anataka picha ya mwili mzima. Mwili mzima! Mtu wa kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, kupeleka PAYE (kodi ya mishahara) TRA, Mamlaka ya Mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kuwasilisha ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20 haijapita. Miguu inaingia wapi hapo?

Umri usizidi miaka 25, awe na digrii na uzoefu wa miaka 5. Pigeni hesabu. Mtoto kaanza darasa la kwanza na miaka 7. Msingi 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3. Anamaliza ana 23. Ongeza 5, ni 28. Kwa masharti yake, mtu awe alikabidhiwa vitabu vya hesabu siku aliyotoka kidato cha sita!

Halafu "awe tayari kufanya kazi nyingine atakazopangiwa". Hapo ndipo mhasibu anapogeuzwa keshia, mtunza stoo na msambazaji, tena kwa pikipiki yake na mafuta yake. Mtu mmoja akipokea fedha, akaziandika yeye, akazihakiki yeye, pesa ikipotea nani ataiona? Mshahara "maelewano". Na picha ya mwili mzima, wallahi! Hiyo ni posa, si ajira.

Kange_Stendi:
Mkuu punguza povu. Picha tu hiyo, piga utume.

Mwana_Ngamiani:
Mwili mzima, kaka! Ungemtumia dada yako?

Bi_Raskazone:
Mmeruka mstari wa chini: "awe hajaolewa". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na umri, na mwombaji wa kazi naye amo. Lipigeni picha tangazo kabla halijafutwa, liwe na tarehe na namba ya simu inayoonekana. Bila hivyo ofisi ya kazi mtaenda na maneno matupu.

Fundi_Pongwe:
Afadhali nyie wa ofisini. Huku dereva wa lori anatakiwa awe fundi, mpakiaji na mlinzi wa mzigo usiku. Asipolala atasinzia njiani, wala halihitaji chuo hilo.

Makorora_Moja:
Mimi linaloniudhi ni "viambatanisho vyote faili moja, lisizidi MB 1". Cheti kimoja ukikipiga kwa simu peke yake ni MB 3! Nenda stesheneri, waambie waskani nyeusi na nyeupe kwa dpi 150 (kipimo cha ukali wa picha), waunganishe PDF moja. Usikubali wakupigie picha za rangi, baruapepe itakurudia.

Kange_Stendi:
Na kopi zilizothibitishwa je? Wakili anatoza kwa kila muhuri, vyeti 5 kwa maombi 10 ni mihuri 50. Wangeomba kopi za kawaida, originali wazione siku ya usaili.

Fundi_Pongwe:
Kuna wakili anayetoza kwa seti nzima?

Makorora_Moja:
Yupo, karibu na mahakama. Ila nenda na originali, bila hizo hagongi muhuri.

Kange_Stendi:
Jumamosi anafungua?