Wauza vifaa vya kuhamisha mikanda ya VHS, acheni kusingizia mikanda yetu!

Wakuu, leo nina hasira, na uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Nyumbani tuna mikanda ya VHS ya familia. Kuna harusi ya dada yangu Tanga, 1996, kuna maulidi, kuna wazee ambao leo hawapo. Deki ni nzima. Ukiichomeka kwenye TV ya chogo, picha inatoka na rangi zake zote na sauti inasikika. Nikaenda Kariakoo kununua kale kadude ka USB kenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, niiingize kwenye laptop kabla haijaozea kabatini. Duka silitaji, wenyewe watajijua.

Kwanza, draiva, yaani programu ya kuifanya laptop ikitambue kifaa, imo kwenye CD. Laptop gani ya siku hizi ina sehemu ya CD? Nimehangaika hadi nikaifungua, nakuta draiva ya Windows XP! Ukienda mtandaoni ndiyo unachanganyikiwa kabisa, maana boksi ni lilelile na plastiki ni ileile, ila ndani wameweka chipu tofauti tofauti na kila chipu ina draiva yake. Muuzaji ukimuuliza hiki ni cha chipu gani anakutumbulia macho.

Ikakubali kuwaka. Picha nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama lifti. Nikarudi dukani na laptop yangu. Fundi wao kaangalia, kanijibu mbele ya wateja: "Braza, mikanda ya zamani haikuwa na rangi."

Haikuwa na rangi? 1996? Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya sabini, wewe unaniambia harusi ya dada yangu ilirekodiwa bila rangi, na gauni la maua mekundu nalijua kwa macho yangu!

Tatizo lilikuwa hili: programu yao inakuja imewekwa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, mistari 525. Mikanda ya huku ni PAL, mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua PAL, rangi inarudi. Ni mbofyo mmoja tu, na fundi anayelipwa kwa kazi hiyo hajui.

Na hawahawa ndio wanaouza deki za mtumba kutoka Japani bila kumwambia mteja chochote. Deki ya Japani ni NTSC na inataka volti 100. Ichomeke kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma uone moshi. Hata ukiwa na transfoma, mkanda wako wa PAL hautacheza sawasawa humo.

Sasa njoo kwenye kilichonifanya nifungue uzi. Baada ya rangi kurudi, kila baada ya muda skrini inageuka bluu tupu, kisha picha inarudi. Nikarekodi harusi nzima hivyohivyo. Mwanzoni sauti iko sawa. Kufika kwenye kukata keki, shangazi anafungua mdomo kupiga vigelegele na sauti haipo, halafu baadaye kabisa, mdomo umeshafungwa, ndiyo unavisikia. Nikarudi tena dukani. Jibu: "Mkanda wako umekufa."

Umekufaje, na kwenye TV unacheza vizuri mwanzo mwisho?

Mkanda unavutwa na mota na rola. Ukizeeka unavutika kidogo, kwa hiyo mistari ya picha haifiki kwa wakati uleule, mmoja unawahi, mwingine unachelewa. TV ya chogo inavumilia. Hako kadude hakavumilii: kakipoteza mapigo kanatupa picha kadhaa au kanaweka bluu, sauti yenyewe inaendelea na safari. Ndiyo maana vinaachana. Dawa yake ni kifaa cha kunyoosha mawimbi kikae kati ya deki na kompyuta, TBC. Hawana, hawajawahi kukisikia, ila cheti cha kifo cha mkanda wangu wanacho tayari.

Halafu yule fundi akajitolea kunisafishia hedi, vile vichwa vidogo vya kusoma mkanda vilivyo kwenye dramu inayozunguka ndani ya deki. Kachukua kijiti cha pamba cha masikioni, anataka kusugua juu chini. Nikamdaka mkono! Hedi ya video unaivunja hivyo. Unalowesha ngozi laini kwa spiriti safi ya isopropili, unaishika imetulia, unazungusha dramu taratibu kwa mkono. Deki mpya hazitengenezwi tena duniani, Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha uzalishaji 2016. Ukiniulia yangu utanilipa nini?

Hela wamegoma kurudisha. Wamenionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo wadau, kama mnaenda kununua, bebeni deki, mkanda na laptop yenu, kijaribiwe hapohapo dukani nusu saa nzima kabla hamjatoa hata shilingi. Wakikataa, ondokeni.

Na mwenye DVD rekoda ya Panasonic, DMR-ES10 au ES15, hata kama haisomi diski, anicheki PM. Ukiipitishia waya za deki inanyoosha picha vizuri tu. Nanunua au nakodi, Dar au Tanga popote nafika. Wa kuja kuniambia "mkuu, kanunue kingine palepale" asijisumbue.